Stesheni Iliyozidiwa na Abiria

Ndululu alizaliwa Kilungu, kwenye ile milima ambayo boga likikuponyoka mkononi unakwenda kulidai kwa jirani wa chini, na tangu siku alipojifunza kutembea hakujifunza tena kukaa. Mama yake alisema mtoto huyu amezaliwa na siafu kwenye makalio. Kanisani alisimama kabla ya wimbo na kuketi baada ya amina. Shule aliiacha darasa la nne, ingawa mwalimu alisisitiza kwamba ni shule iliyomwacha. Kufikia mwaka wa uhuru alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amefanya kazi saba na kuacha nane, maana moja aliiacha kabla ya kuianza.

Basi aliposikia Reli inaandika watu, alijua Mungu amekumbuka anwani yake. Hesabu yake haikuwa ndefu. Gari la moshi linatembea, kwa hiyo mtu wa gari la moshi anatembea. Watu wa Reli wanafika Kisumu, wanafika Kampala, wanakula samaki wa kila maji. Alishuka Kilungu kwa miguu hadi Sultan Hamud, akaandikwa, akapewa kofia, bendera mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, na karatasi ya kumpeleka Ndauni. Akamuuliza karani kama Ndauni iko Uganda au Tanganyika. Karani akamwambia iko hapo tu, ukipita Emali, kabla ya Makindu, wala asisahau kubeba maji ya kunywa.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya pointsmani. Pointsmani ni yule mtu anayevuta chuma kirefu ili reli ibadilike, gari moja liingie njia ya pembeni na kupisha lingine, kisha anapunga bendera lile lingine liende zake. Maana yake gari likifika, yeye yuko chini. Likiondoka, yeye yuko chini vilevile, na vumbi juu. Stesheni masta, Bwana Yakub, mtu wa Mombasa mwenye kanzu nyeupe ya jioni na Kiswahili kirefu kilichomlazimu Mkamba kuvuta kiti akisikiliza, alimpokea siku ya kwanza kwa chai ya tangawizi na habari mbaya.

"Mwanangu," alimwambia, "gari huenda kwa sababu pana mtu asiyekwenda. Mtu huyo ndiye wewe."

Ndululu alicheka, akidhani ni mzaha wa watu wa pwani. Ulikuwa mzaha kweli, ila uliendelea kwa miaka ishirini na minane.

Stesheni yenyewe ilikuwa kituko cha kutosha. Kuta zake zilijengwa kwa mawe meusi ya Chyulu, yale yenye vitundu kama mkate ulioumuka vibaya. Juu kulikuwa na vigae vyekundu vilivyovuka bahari, na varanda ndefu juu ya nguzo za chuma zenye mwaka 1912, ukingo wake wa mbao umekatwa menomeno na kuning'inia kote kama kitambaa cha meza ya mama mchungaji. Ubao wa jina ulisema NDAUNI, na chini yake, FUTI 3,460, kana kwamba msafiri aliyeshuka pale kwa bahati mbaya angefarijika kujua yuko juu ya bahari kiasi gani. Lakini maajabu yalikuwa ndani. Ramani ya jengo ilichorwa kwa ajili ya stesheni ya nyanda za juu, kwenye baridi na ukungu, na mtu fulani ofisini akakosea bahasha. Mafundi wakajenga walichoona kwenye karatasi, kwa sababu fundi anayemuuliza mzungu maswali halipwi kwa maswali. Ndiyo sababu chumba cha kungojea cha Ndauni, mahali ambapo mwezi wa pili kuku hutembea kwa ncha za vidole, kilikuwa na meko kubwa ya kuotea moto na dohani iliyopita paa kwa urefu wa mtu. Katika miaka yote ya Ndululu, moto uliwashwa humo mara moja tu, na ulikuwa wa kuchoma mihogo.

Milango ya kungojea ilikuwa miwili na ukuta mmoja. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Wazungu, wa pili wa Wahindi, na ukuta ulikuwa wa sisi wengine. Mwafrika alingojea nje akiuegemea, na ule ukuta uliegemewa hata mawe yake yakang'aa kwa jasho la migongo, msitari mmoja mrefu usawa wa mabega. Uhuru ulipofika, Bwana Yakub aliletewa barua ya kuvibandua vile vibao vya milangoni. Akavibandua. Siku ileile wananchi waliingia chumba cha Wazungu kwa heshima, wakaketi kwenye viti vya mbao, wakatazama meko, wakatazamana. Baada ya dakika kumi walitoka mmoja mmoja wakijipepea na kofia, wakarudi ukutani kwenye upepo. Uhuru wa kukaa ndani waliutumia kwa kuweka mizigo.

Sasa, Reli haikuwa na roho mbaya. Kila mwaka mfanyakazi alipewa pasi ya kusafiri bure, yeye na jamaa yake, kwenda stesheni yoyote anayotaka. Ndululu alijaza fomu kila Januari. Mahali pa kuandika stesheni aliandika Kisumu, kwa herufi zilizolala mbele kama mtu anayekimbia. Pasi ilikuja kila mwaka. Aliyekosa kuja ni mtu wa kumshikia bendera akiwa hayupo. Barua zilisema mtu huyo ametumwa. Kuna mwaka zilisema ameshafika.

Mwaka wa 1966 alioa Muthoki, msichana wa Kanyangi, mtu ambaye tamaa yake yote hapa duniani ilikuwa kukaa mahali pamoja na kuona mbaazi zikikua. Pasi ya mwaka ule ilipokaribia kuisha tarehe, Ndululu hakuvumilia kuiona ikiharibika kama chakula. Akamwambia mkewe aende yeye. Muthoki alilia kutoka Ndauni mpaka Nakuru. Mwaka wa pili alilia mpaka Nairobi tu. Mwaka wa tatu alikuwa ameshachagua dirisha lake, na baadaye hata stesheni ya kuandikwa kwenye fomu. Alifika Mombasa, Nanyuki, Kisumu mara sita, na kabla nchi tatu hazijagawana Reli yao kama vyombo vya ndoa iliyovunjika, alifika Kampala akarudi na matoke na maoni kuhusu Waganda. Ndululu alikuwa akimvizia pale akishuka, bendera kwapani.

"Kisumu kukoje?"

"Ni maji, Baba Mbula."

"Maji tu?"

"Maji mengi. Siku moja utaona."

Alipika muthokoi akisimulia, na yeye alisikiliza akizunguka nyumba ya Reli ya vyumba viwili, mlango wa mbele hadi wa nyuma, mpaka binti yao Mbula alipouliza kama baba amepotea.

Miaka ikaja na mambo yake. Injini za moshi ziliondolewa zikaja za dizeli, ambazo hazinywi maji, na tangi kubwa la Ndauni likakauka. Nyuki wakahamia, na kwa misimu miwili pointsmani wa Ndauni alikuwa na asali nyingi kuliko mzee yeyote mwenye mizinga huko Kyuso. Ule mwaka wa njaa, 1984, mahindi ya manjano ya msaada yalirundikwa kwenye chumba cha Wahindi hadi dirishani, na watu walipanga foleni kwenye dirisha la tikiti kupokea kilo zao. Wengine walikuwa hawajawahi kufika hapo dirishani kwa jambo lolote. Abiria walipungua, maana barabara ya Mombasa ilikuwa na mabasi yanayosimama popote mtu anapoinua mkono. Mwaka 1986 Reli ilichoka. Gari halingesimama tena Ndauni. Bwana Yakub alihamishiwa Voi, akaondoka na kanzu zake na birika yake, na Ndululu akaachiwa funguo kumi na saba na barua.

Barua hiyo aliijua kwa kichwa. Ilisema atabaki kama mlinzi wa jengo hadi afisa atakapofika kulipokea. Afisa akilipokea likiwa tupu, safi, na kila kitu kama kilivyoandikwa kwenye orodha, atatia sahihi, na tangu sahihi hiyo Ndululu atakuwa amestaafu kwa heshima, naye atapewa pasi ya mwisho, ya daraja la kwanza, kwenda popote, na hakuna atakayehitajika kumshikia bendera. Jengo likikutwa na wavamizi au upungufu, hakuna sahihi na hakuna pasi. Ndululu aliisoma akiwa amesimama platifomu, akahesabu: kesho afisa, keshokutwa Kisumu. Alivaa viatu akawa tayari.

Afisa hakuja mwaka ule. Wala ule uliofuata.

Ndipo Ndululu alipojua kuwa kuna kitu kibaya kuliko kutosafiri, nacho ni kukaa mahali ambapo hata safari za wengine zimekwisha. Magari yalipita Ndauni bila hata kupunguza mwendo. Alipanga viti upande huu, akavipanga upande ule. Alifagia platifomu asubuhi, na mchana akaifagia tena kuelekea Mombasa. Usiku alisikia vigae vikipoa. Muthoki, ambaye naye hakuwa na pasi tena, alimwambia kwamba akiendelea hivyo atamfunga kwenye nguzo ya 1912.

Kwa hiyo Pasta Mbuvi alipokuja na kofia mkononi, hakuhitaji kuomba sana. Pasta huyu alikuwa na kanisa lililoitwa Mlango Mwembamba, ambalo jengo lake la miti lilikuwa limeliwa na mchwa katikati ya mfungo. Aliomba Jumapili moja tu. Ndululu akampa chumba cha Wazungu, na Jumapili moja ikazaa nyingine. Mimbari iliwekwa mbele ya meko, na hapo ikagunduliwa kazi ambayo wachoraji hawakuiwazia: sauti ya Pasta ilipanda dohani ikatokea juu ya paa, na mtu aliyekuwa akipita njia ya ng'ombe akiwa amejaa pombe ya kaluvu alisikia akiitwa mwenye dhambi kutoka mbinguni. Watu wawili waliokoka kwa njia hiyo. Mmoja wao alirudi nyuma alipoona dohani.

Baada ya kanisa alikuja Kavata, mwenyekiti wa kikundi cha mwethya cha Ndauni, mwanamke mpana mwenye mashine ya kusaga unga na neno la kumwambia kila mtu. Mashine yake ilikaa chumba cha Wahindi, ikafungwa kwa simiti ili isitembee. Chekechea ikakaa varandani. Chifu akafanya baraza lake la Alhamisi kwenye ofisi ya tikiti, akawahutubia wananchi kupitia kile kidirisha, kichwa tu kikionekana, na wakasema hajawahi kueleweka vizuri hivyo. Ndululu alizunguka na funguo zake kumi na saba kutoka mlango hadi mlango, na kwa miaka minne hivi miguu yake ilikuwa na kazi.

Halafu, Machi mwaka wa 1991, barua ikaja. Inspekta atafika Ndauni siku ya Jumanne kwa toroli ya mota, saa nne asubuhi, kupokea jengo.

Ilikuwa Jumatano. Ndululu aliisoma mara tatu akitembea, akafika karibu na Emali kabla ya kukumbuka kurudi.

Alimwendea Pasta kwanza. Pasta alisema kanisa haliwezi kuhama kwa siku sita, kwani hata Waisraeli walipewa muda. Alimwendea Kavata. Kavata alimpeleka kwenye mashine, akaipiga teke simiti yake, akamwambia aing'oe akiweza, yeye atamshikia koti. Jioni ile wote waliketi varandani, na Ndululu, ambaye hakuketi, aliwaambia ukweli wa mambo: Inspekta akimkuta mtu mmoja tu ndani asiye na sababu ya kuwa ndani, sahihi hakuna, na yeye atafia hapa akishika funguo.

Muthoki alikuwa akimenya mbaazi. Bila kuinua kichwa aliuliza kama kuna mtu yeyote ambaye sheria inamruhusu kuwa ndani ya stesheni.

"Abiria," Ndululu akasema.

"Basi."

Ndululu akasema gari halisimami Ndauni tangu mwaka themanini na sita. Pasta Mbuvi akakohoa, akasema kungoja gari si kosa hata kama halisimami. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kazi ya kungoja, na mwajiri wake alikuwa hajafika kwa karibu miaka elfu mbili, na bado watu walikuwa wakija kila Jumapili na mizigo yao.

Mpango ukapangwa, na ulikuwa mpango wa kiasi. Mashine ya Kavata itafunikwa kwa magunia na kuandikwa Voi, kama mzigo. Mimbari itaingizwa ndani ya meko na kufunikwa kwa kuni. Pale ukutani ambapo waumini walikuwa wameandika kwa rangi ya samawati JIANDAE, SAFARI YA MBINGUNI NI WAKATI WOWOTE, yangefutwa maneno mawili. Chekechea ingepewa likizo. Na ili viti na vikombe na ile harufu ya watu iwe na maelezo, wangekuwepo abiria. Ndululu aliomba kumi. Kumi wanatosha, alimwambia Kavata. Waketi kimya, wamwamkie Inspekta, waseme wanapumzika tu wakienda kwenye basi, na akishatia sahihi waende zao. Kavata akasema ataita mwethya.

Hapo ndipo Ndululu, mwana wa Ukambani mwenye akili timamu, alipokosea kosa la karne. Mwethya ni kile kikundi cha kusaidiana ambacho akina mama wa kwetu hukitumia kuchimba matuta ya shamba na kujengea mjane nyumba, na sheria yake ni moja: ukiitwa unakuja. Usipokuja, kuku wako anakuja badala yako, naye harudi. Hakuna aliyewahi kuita mwethya ya watu kumi. Ni kama kuita mvua ya shamba lako peke yako.

Jumanne, saa mbili asubuhi, walianza kufika. Kufikia saa tatu unusu walikuwa mia moja na arobaini. Walikuja na vyondo, masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, mbuzi watano, na mzee mmoja aliyebebwa juu ya kiti chake kwa sababu familia haikuwa na kuku wa ziada. Walivaa nguo za safari. Waliijaza varanda, chumba cha Wazungu na chumba cha Wahindi, waliketi juu ya mashine ya unga, na waliokosa nafasi waliegemea ukuta wa nje, kwenye ule msitari wa zamani, kana kwamba migongo yao ilikuwa imeusomea. Ndululu alikimbia huku na huko akiwasihi mia na thelathini warudi nyumbani. Kavata alimuuliza ni nani kati yao amfukuze, na faini yake atalipa nani.

Toroli ikaingia. Inspekta alishuka, kijana mnene mwenye mwavuli na faili, akasimama platifomu mdomo wazi. Watu mia moja na arobaini walisimama na kumwamkia kwa pamoja. Mbuzi mmoja akamwamkia pia.

Alitembea polepole katikati yao, Ndululu nyuma yake akinyoosha orodha. Alisoma ukutani JIANDAE, SAFARI NI WAKATI WOWOTE, akasema huo ni ushauri mzuri kwa abiria na ungefaa stesheni zote. Aliona kuni kwenye meko akasema hajawahi kuona meko iliyotunzwa hivi. Kisha akamwinamia yule mzee wa kiti, akamuuliza kwa sauti ya kumwambia kiziwi kama anangoja gari gani.

Mzee alikuwa ameambiwa aseme anakwenda kwenye basi. Lakini alikuwa ameketi vizuri, watu walikuwa wengi, na hajaulizwa chochote na serikali tangu alipolipa kodi ya kichwa.

"Lile litakalosimama," akasema.

"Mmengoja muda gani?"

"Mimi nilianza wakati wa Mwingereza."

Ndululu aliona machozi ya Inspekta, au jasho, kwa joto lile huwezi kuapa. Akasogea na kalamu. Akasema mkubwa, hapa chini, sahihi tu, jengo ni tupu. Inspekta alimgeukia kana kwamba hajasikia vizuri. Akasema jengo hili, mzee, ni jengo lililojaa kuliko lolote aliloliona kutoka Mombasa hadi hapa. Makao Makuu, alisema, wameambiwa na wakubwa kwamba uchaguzi unakuja na wananchi wasikilizwe, na tangu Mariakani hajapata mwananchi hata mmoja wa kumsikiliza, amepata popo. Akafungua faili, akapiga msitari juu ya fomu ya kukabidhi, msitari mmoja mnene, akaandika pembeni maneno ambayo Ndululu aliyasoma juu chini: Stesheni ibaki. Gari la mchanganyiko lisimame kila Jumanne. Mlinzi aendelee na kazi.

Akina mama, waliposikia gari litasimama, walipiga vigelegele. Pasta alifunga kwa maombi. Inspekta alimpa Ndululu mkono, akamwambia watu kama yeye ndio nguzo za Reli, na toroli ikaondoka ikilia pu-pu-pu kuelekea Nairobi na fomu yake ndani.

Ndululu alitembea kwa siku tatu. Alizunguka jengo, mkono wake ukigusa mawe, na kila alipokutana na Pasta akashukuriwa, na kila alipokutana na Kavata akaambiwa sasa anadaiwa na mwethya siku moja ya kuchimba matuta, maana waliitwa wakaja. Muthoki alimwekea chakula juu ya dirisha, ili ale akipita.

Jumanne ya gari ilifika baada ya wiki tatu. Mvua ilikuwa imeanza, na Ndauni yote ilikuwa shambani ikipanda maharagwe. Mbuzi pekee ndiye aliyekuwa platifomu. Saa saba na dakika kumi gari la mchanganyiko, mabehewa ishirini ya mizigo na moja la abiria mkiani, lilitoka upande wa Makindu likilia breki, likasimama mbele ya Ndululu mwenye bendera nyekundu. Gadi wa gari akashuka, mwanamume mwembamba mwenye haraka. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mzee, abiria wako wapi? Tumeambiwa ni mia na arobaini."

"Wamekwenda kupanda."

"Kupanda gari gani?"

"Maharagwe."

Gadi alimtazama kwa huruma ya mtu ambaye ataandika ripoti. Akasema kama hakuna anayepanda aseme, apunge kijani waende, na kwamba Jumanne nne kama hii na gari halitasimama tena, kisha Inspekta mwingine atatumwa, labda mwaka kesho, labda mwingine, kupokea jengo upya. Ndululu alisikia yote. Aliona miaka hiyo imejipanga mbele yake kwenye reli, behewa nyuma ya behewa, na yeye chini na bendera. Ile pasi ya daraja la kwanza ilikuwa mwishoni kabisa, mbali, mahali ambapo macho yake hayafiki tena bila miwani. Na behewa la daraja la tatu lilikuwa hapa, hatua kumi na mbili, mlango wazi, mwanamke mmoja ndani akinyonyesha.

"Ngoja," akasema. "Kuna mmoja."

Akaingia ofisi ya tikiti, akaandika tikiti ya karatasi, Ndauni hadi Kisumu, daraja la tatu, akagonga muhuri. Akatoka, akazunguka jengo, akasimama nje ya dirisha, akatia noti yake ndani, akachukua tikiti yake. Alirudi ndani kujipa chenji, maana kazi ni kazi. Muthoki alikuwa amesimama mlangoni na mikono ya unga, ameona yote.

"Watakufuta," alimwambia. "Na hiyo pasi hutaiona."

"Najua."

"Na nani atapunga bendera?"

Ndululu alikuwa ameliwaza jambo hili kwa miaka ishirini na minane na kila mara lilikuwa limekwama papo hapo. Muthoki alijifuta mikono kwenye leso, akamchukulia bendera ya kijani kutoka kwapani, akaikung'uta vumbi.

"Panda," alisema. "Ukipita Nakuru kaa upande wa kushoto, kwa sababu pale utaona..."

"Usiniambie, Mama Mbula."

Muthoki akasogea hadi ukingoni mwa platifomu, mahali pale pale ambapo siku zote alikuwa akishukia na vyondo vya samaki, akainua bendera juu, vizuri kuliko pointsmani yeyote. Gadi alitazama saa, akatazama yule mama, akapuliza kipenga.

Ndululu alikuwa ameshaliona jengo lile kutoka nyuma, kutoka juu ya paa, kutoka ndani ya dohani alipoitwa kumtoa kunguru. Hakuwahi kuliona kutoka garini. Sasa lilipita mbele yake kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha wa mtu anayekimbia: nguzo baada ya nguzo, ukingo wa menomeno, milango miwili, ukuta unaong'aa, ile dohani ya kipumbavu, na kila kitu kilikaa mahali pake sawasawa, kana kwamba kilichorwa kwa ajili ya jicho la mtu anayepita. Lilikuwa jengo zuri. Hakuna aliyewahi kumwambia. Halafu ukaja ubao wa jina na futi zake, na mke wake akipunga, akawa mdogo, na baada ya hapo yakaja mashamba na migongo ya watu iliyoinama kwenye maharagwe. Mgongo mmoja mpana ulinyooka kutazama gari, na Ndululu akarudisha kichwa ndani upesi, asije Kavata akamdai siku yake.

Gadi alikuja kutoboa tikiti. Akamwambia aketi, nafasi zi tele, Nairobi ni mbali na Kisumu ni kesho. Ndululu akamshukuru, akasema ameketi vya kutosha, akavuka kwenda dirisha la upande wa pili kuona na huko kuna nini.